Daftari la Miche

Lilikuwa na jalada gumu, jeusi, mali ya mradi,
na safu nne nilizozipiga mstari mwenyewe kwa rula:
jina, idadi, iliyoshika, iliyokufa.
Nilikuwa bwana miti wa tarafa nzima,
na pikipiki iliyogoma kuwaka kila asubuhi ya ukungu.

Msinicheke. Mlima ulikuwa uchi.
Masika yakishuka, udongo mwekundu ulishuka nayo,
ukapita uani kwa Luvanda kama mgeni asiyebisha hodi.
Wake zetu walitoka na panga alfajiri
wakarudi jua limezama,
kichwani kuni za kupikia siku mbili.

Nikagawa milingoti. Bure, viriba kwa viriba:
elfu nne kitongoji cha juu, elfu sita bondeni,
kwa kuwa bondeni ndiko ilikoshika upesi,
na iliyoshika upesi ndiyo iliyopendeza kwenye ripoti.

Chini kabisa, penye chemchemi,
alilima kinyungu chake mama mmoja wa kina Kihwele:
njegere, maboga, mahindi ya kuchoma mwezi wa kumi
wakati Mufindi nzima inatafuna ya ghalani.
Akaniuliza, jembe begani:
"Bwana miti, hii miti yako inakunywa nini?"
"Inakunywa mvua, mama."
Nikacheka. Naye akacheka,
akanitilia ulanzi kikombe cha pili,
akapanda arobaini.

Ilishika.
Mungu wangu, jinsi ilivyoshika!

Vyura ndio waliotangulia kuhama.
Tuliona usiku umekuwa mtulivu, tukalala vizuri.
Kisha ndoo ikaanza kugusa mchanga,
kisha tukateka kwa kata,
kisha kwa kikombe cha chai,
kisha mtu akaketi pale na ndoo tupu
akisubiri kama anayesubiri wa kwake wodini.
Kinyungu kikapasuka nyufa za kuingia mkono.

Na bado siwezi kuilaani.
Mabati ninayolala chini yake ni milingoti.
Ada za wanangu wawili ni milingoti.
Nguzo zinazoleta umeme hadi kilabuni,
za kwetu zile, nazijua kwa mafundo.

Ikaja amri, nayo ilikuwa na nia njema:
kata yote iliyo ndani ya mita sitini toka kwenye maji.
Maji yapi, hawakuuliza.
Msumeno ukalia siku tatu.
Ile arobaini ya mama Kihwele ilikuwa benki yake,
ilikuwa mguu wake unaosubiri kupasuliwa Iringa mjini.
Hakulipwa, maana sheria haimlipi mkosaji.
Mvua mbili hazijapita, kila kisiki kikatoa machipukizi matatu.

Jina lake la kwanza ni Sikujua.
Ndiyo maana sijitetei kwa neno hilo.
Lina mwenyewe, na mwenyewe anachechemea.

Juzi amekuja binti, Atuganile, katumwa na ofisi,
mpole, anabonyeza kishikwambi kwa kidole gumba,
nyuma ya gari miche mia tatu ya asili.
"Hii ni rafiki wa maji, mzee. Itarudisha chemchemi."
Huenda. Nina miaka sabini na moja,
nimekwisha kukosea kwa uhakika uleule.
Nilichomwuliza ni kama humo ndani ana safu ngapi.
Hakunielewa. Akahesabu kwa heshima:
"Nne, mzee."

Nimepokea kumi, nikaweka dole gumba kwenye kioo.
Nimeipanda penye kinyungu, Sikujua akinishikia kiriba,
hatukusemezana.
Sasa amesema imwagiliwe kila jioni hadi mvua ianze,
na mvua ni mwezi wa kumi na mbili.
Maji yapo, ng'ambo ya shamba la chai,
saa nzima kwenda.
Natafuta kitambaa cha kuweka kichwani chini ya ndoo.